Zamu ya Pedeli

Nikisema, wataziondoa tena. Nisiposema, kuna mtoto atazipiga kwa hofu kama nilivyozipiga mimi, na hakuna atakayejua. Mawazo hayo mawili yalininyima usingizi tangu Nesi Sanga aliponipigia simu. Kila nilipodhani nimeamua, la pili liliinuka na kuketi juu ya la kwanza.

Nesi Sanga ndiye aliyekuwa akinihudumia nilipokuwa mtoto wa kusafishwa damu katika hospitali moja ya Njombe. Sasa ni mkuu wa chumba kile kile. Aliniambia kuna madaktari wanataka kufanya utafiti: watoto na vijana wapige pedeli kitandani wakiwa wameunganishwa na mashine, halafu ichunguzwe kama wanapata nguvu.

"Safari hii wanataka watu waliowahi kulala kwenye vile vitanda wakae nao mezani tangu mwanzo," alisema. "Si kuja kupimwa. Kuja kusema. Nimewatajia jina lako, Twilumba. Usiniangushe."

Nilimwambia nitakuja. Kisha nikaanza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri sina breki. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nakaa kwa mama Makambako, naandika barua za maombi na kuzisoma upya mpaka maneno yanapoteza maana. Mama alinitazama nikizunguka uani, upepo ukinivuta sketi, akasema, "Huyu hata akialikwa harusini ataanza kuuliza kama bwana harusi ameridhika."

Baada ya kusema hayo akaendelea na kazi yake, nami nikaketi kwenye stuli kando yake. Alikuwa akiondoa ukoko mweupe ndani ya birika kwa siki ya moto. Ile harufu ilinipita puani, na kabla sijajua inatoka wapi, miguu yangu ilikuwa imeanza kujitikisa chini ya stuli, mmoja ukishuka, mwingine ukipanda.

Chumba cha mashine kilinukia hivyo hivyo. Siki, dawa ya sakafu, na sweta zilizonyeshewa na mvua ya Njombe zikiwa zimetundikwa mlangoni.

Nilikuwa darasa la tano nilipougua. Ilianza kama homa ya kawaida. Homa ikaondoka, lakini uso ukabaki umevimba mpaka macho yakawa mistari, na shuleni wakanitania kwamba nimeiba maandazi ya mwalimu. Kisha mkojo ukakoma. Daktari alimweleza mama kwamba figo zangu zimelala. Zinaweza kuamka, alisema, zinaweza zisiamke. Kwa sasa mashine itafanya kazi yao. Mimi niliwaona wawili, ndugu wa tumbo moja, wamejifunika blanketi zito ndani ya mgongo wangu, na nikajizuia kukohoa kwa nguvu nisije nikawaudhi.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule sokoni Makambako, kwa cherehani ya miguu aliyoirithi kwa shangazi yake. Juu ya sindano alikuwa amefunga balbu ndogo. Umeme ulipokatika balbu ilizimika, lakini mguu wake haukusimama hata kidogo. Nguo iliendelea kutoka upande wa pili kama kawaida. Nilikua nikiliona jambo hilo kila siku, na kichwani mwangu likawa sheria ya mashine zote za dunia: umeme ni wa kuonea, mguu ndio wa kufanyia kazi.

Ndiyo sheria niliyoingia nayo hospitalini. Mama alifunga kibanda chake, na kila baada ya siku moja au mbili tukawa tunapanda basi la alfajiri kwenda Njombe, mimi nimefungwa kitenge juu ya koti, kichwa changu mapajani mwake. Niliwekewa mpira shingoni. Damu yangu ilitoka kwa bomba moja, ikapita kwenye mashine, ikarudi kwa jingine. Usoni mwa mashine kulikuwa na kigurudumu kilichozunguka polepole, kikiisukuma. Niliweza kukitazama kutwa nzima. Sikuwahi kuona kitu kinachozunguka bila kuwa na mtu anayekizungusha, na nilijiuliza ni nani.

Kisha pedeli zikaja.

Alizileta mtaalamu wa viungo, kijana mwenye viatu vyeupe ambavyo sijui alivivushaje kwenye lile tope la nje. Fundi wa kuchomelea alikuwa amekata baiskeli, akabakiza pedeli na mnyororo, akaziwekea miguu ya chuma ya kubana kwenye kitanda. Ilikuwa seti moja tu kwa chumba kizima, kwa hiyo ilihamishwa kutoka kitanda kimoja hadi kingine, na wagonjwa tuliokuwa wadogo tukaambiwa tutaipiga kwa zamu.

"Zungusha taratibu, mdogo wangu," aliniambia. "Inasaidia damu itembee vizuri."

Mama akauliza kama haitanichosha. Walizungumza mambo mengi juu ya kichwa changu, kuhusu misuli na moyo na mifupa ya watoto wanaolala sana. Sikuyasikiliza. Nilikuwa nimeshapata jibu langu. Nilikanyaga, na kule usoni mwa mashine kigurudumu kikazunguka. Nilitazama miguu, nikatazama kigurudumu. Basi ni sisi. Ni sisi wenyewe tunaoziendesha, kwa zamu, mmoja akichoka anapokewa na mwenzake.

Halikuwa jambo la ajabu kwangu. Kwa bibi, upande wa Wanging'ombe, watu walilimiana mashamba hivyo. Leo wote wako kwako, kesho wote wako kwa jirani, na pombe ya ulanzi inasubiri chini ya mti. Asiyetokea kwa mwenzake, siku yake ikifika husimama shambani na jembe lake peke yake. Nilielewa vizuri sana. Nilichokuwa sielewi ni Ombeni.

Ombeni alilala kitanda cha pili. Alitoka karibu na Ilembula, kijana aliyekatishwa sekondari na figo, mrefu hivi kwamba miguu yake ilitokeza nje ya kitanda. Alinipenda kwa sababu nilikuwa mdogo na sikucheka ovyo. Kila nilipoingia aliinua mkono wake usio na mabomba na kunisalimia kama tunakutana njiani kwao. "Kamwene, Makambako! Upepo umekuacha leo?"

Pedeli zilipofika kitandani kwake, alizitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi ambaye hakumwagiza.

"Kaka Ombeni, zamu yako," nilimwambia.

"Zamu ya nini? Mimi nimekimbia jembe la baba kule nyumbani, nije huku nipewe baiskeli isiyofika hata Mtwango?"

Chumba kizima kilicheka. Nesi Sanga alimwambia aache mdomo, ajaribu hata kidogo. Akasukuma pedeli kwa kisigino, akageukia ukutani.

Na umeme ukakatika.

Taa zilizimika, na hilo halikunitisha. Taa ni mambo ya umeme. Kilichonitisha ni kigurudumu. Kilisimama. Mashine zote zilianza kulia kwa pamoja, sauti kama ya ndege aliyekanyagwa, na damu yangu ikatulia ndani ya bomba, nyekundu, haiendi wala hairudi. Nesi Sanga alikuja mbio, akatoa kimkono cha chuma kwenye mashine yangu, akakichomeka katikati ya kigurudumu na kuanza kukizungusha kwa mkono. Mwenzake alifanya vivyo hivyo kwa Ombeni. "Tulieni, wanangu, tulieni," alikuwa akisema, jasho likimtoka licha ya baridi ile. Nilimtazama akizungusha. Kama kulikuwa na shaka yoyote kichwani mwangu, iliondoka pale. Mtu mmoja amekataa zamu yake, na sasa nesi analazimika kuifanya kwa mkono.

Jenereta lilipowashwa na mambo yakatulia, nilimgeukia.

"Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Ulichofanya."

Ombeni aliinua macho kwenye taa, akanitazama mimi, akaitazama tena taa. "Jamani, huyu mtoto ananisingizia mpaka umeme! Nesi, niandikie kabisa, mimi ndiye shirika la umeme." Wakacheka tena. Nilidhani wananicheka kwa sababu kifo hakiwatishi watu wazima.

Kule kwa bibi kulikuwa na jambo jingine. Mtu akishindwa kuja kulima, alisemwa, lakini hakuachwa afe njaa. Kulikuwa na jirani ambaye angepita shambani kwake mapema, akamlimia mistari miwili mitatu, akaondoka bila kusema. Bibi alikuwa mmoja wao. Nikaamua kumlimia Ombeni.

Niliomba zamu yake nipewe mimi. Mtaalamu wa viatu vyeupe alifurahi kupita kiasi. "Mtoto ana moyo huyu!" alimwambia mama, na mama, ambaye kwa muda mrefu hakuwa na jambo zuri la kusimulia kunihusu, alilipeleka sokoni Makambako likazunguka vibanda vyote. Alipoulizwa maendeleo yangu alijibu kwa niaba yangu: "Anazipenda mno. Hata nyumbani akilala miguu inakwenda."

Ilikuwa inakwenda kweli. Nililala Makambako na miguu ikapiga, nikihofia wale waliolala kwenye mashine siku ambazo sipo. Nilikula nikipiga. Kanisani nilipiga chini ya benchi mpaka mama akaniwekea mkono gotini. Wote walisema mtoto amechangamka. Hakuna aliyeniuliza nakimbia nini, na mimi sikuona la kueleza. Nilidhani kila mtu anajua.

Halafu Ombeni akaanza kupiga. Nadhani aliona aibu kuzidiwa na mtoto wa kike mwenye mashavu yaliyovimba. Alianza kwa mzaha, akipiga kengele kwa mdomo na kuita abiria wa Ilembula, lakini baada ya muda mzaha ukapungua. Alimwambia Nesi Sanga kwamba miguu yake, iliyokuwa ikimchoma kila jioni, sasa inatulia, na kwamba ameweza kwenda mwenyewe kisimani na kurudi. Akawa wa kwanza kuulizia pedeli akifika. Ningepaswa kupumzika. Lakini sikumwamini. Alikuwa mtu wa kusimama katikati ili amalizie hadithi, na kila aliposimama moyo wangu ulisimama naye.

Walikuwa wametukataza kupiga mwishoni, mashine inapokaribia kumaliza, kwa sababu wakati huo mwili umeshatolewa maji mengi na presha hushuka. Hayo niliyajua nilipokuwa mkubwa. Wakati ule niliona tu kwamba mwishoni hakuna anayepiga, na ndiyo saa manesi wanakuwa na shughuli nyingi. Siku moja pedeli zilikuwa zimebaki kwangu. Nikavuta blanketi mpaka kiunoni na kuanza.

Nakumbuka miguu ilikaza kama kamba iliyolowa. Nakumbuka nikijiambia bado kidogo. Kisha sauti zikaenda mbali, dirisha likawa dogo, na kitu cha mwisho nilichokiona ni kigurudumu, nikifurahi kwamba hakijasimama.

Nilipozinduka kitanda kilikuwa kimeinamishwa, miguu yangu juu, kichwa chini, matapishi kwenye sweta. Mama alikuwa amenishika vidole vya miguu vyote kwa pamoja. Juu yetu daktari mmoja aliuliza kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele, "Nani aliruhusu hili?" Yule kijana wa viatu vyeupe alipiga magoti, akafungua zile skrubu, akaondoka na pedeli kwapani.

Hazikurudi. Ilisemwa kwamba mazoezi ni mazito kwa wagonjwa wa namna yetu, hasa watoto.

"Sasa nani alikutuma ukimbie mpaka Mbeya?" Ombeni aliniuliza safari iliyofuata. Alikuwa akitania, lakini hakunitazama. Mimi nami sikuwa na nafasi ya kumwangalia. Pedeli hazipo, kwa hiyo nilikuwa nangoja kufa. Nilikikodolea macho kigurudumu tangu mwanzo hadi mwisho, na hakikusimama. Nikalazimika kutafuta maelezo, na nikayapata: wameweka mtu chumba cha nyuma. Mtu mzima, mwenye nguvu, anayepiga kwa niaba yetu sote. Nilimwonea huruma sana. Kabla ya kuondoka nilimwomba mama amwachie nusu ya andazi langu, na mama, akidhani nazungumzia mlinzi wa getini, akampa mlinzi.

Figo zangu ziliamka wakati wa baridi kali, nyasi zikiwa nyeupe kwa umande ulioganda. Mama alikuwa nje ya mlango wa choo, akasikia, na akapiga vigelegele vilivyowaamsha majirani kwa jambo ambalo hadi leo wananitania nalo. Tukaagana na Njombe. Mtu wa chumba cha nyuma niliendelea kumwombea hadi kidato cha pili, mwalimu wa fizikia alipochora mota ya umeme ubaoni na kueleza vitu vinavyozungushwa nayo: feni, pampu. Nilicheka kwa sauti kubwa hivi kwamba nilitolewa nje. Nikiwa nje, nimesimama juani peke yangu, kicheko kikaisha. Akilini nilimwona Ombeni amegeukia ukutani. Pedeli hazikuondolewa kwa sababu ya mazoezi. Ziliondolewa kwa sababu ya cherehani ya mama, na hakuna mtu duniani aliyejua.

Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuwaambia madaktari. Ndiyo maana nilimpigia Ombeni kabla ya kwenda. Dada yake alimpa figo moja miaka kadhaa iliyopita. Sasa anauza vipuri vya pikipiki Dodoma, na bado anaitikia simu kana kwamba yuko barabarani. Nilimsimulia yote, kwa mara ya kwanza. Alicheka mpaka nikasikia mteja wake akimuuliza kama yuko salama.

"Kwa hiyo ulikuwa unaninyongea baiskeli mimi?"

"Ulikataa zamu yako."

"Makambako wewe!" Kisha akamhudumia yule mteja. Aliporudi hewani sauti ilikuwa nyingine. "Usiwaambie."

"Kwa nini, Kaka?"

"Wewe ulipona ukaenda zako. Mimi nilibaki. Baada ya zile pedeli kuondoka miguu ilinyauka, nikawa nashikwa mkono kwenda chooni. Ukiingia mle ukasema mtoto alizimia, hawatasikia cherehani wala mtu wa chumba cha nyuma. Watasikia alizimia. Wataondoa, kama walivyoondoa. Nyamaza, mdogo wangu. Waache watoto wapewe."

Nilipanda basi la Njombe nikiwa nimeamua kunyamaza, na kufika Mtwango nilikuwa nimeamua kusema, na tulipoanza kuyaona mashamba ya chai nilikuwa nimerudi kwenye kunyamaza na nimeridhika. Nitakaa. Nitaitikia kwa kichwa. Nitakunywa chai yao.

Tulikaa na madaktari kwenye chumba kidogo chenye dirisha linalotazama misonobari. Daktari Mligo, mwanamke mwenye sauti tulivu anayeongoza utafiti, alieleza mpango mzima, akatugawia karatasi iliyoandaliwa kwa ajili ya watoto. Ilisema mazoezi yatawaongezea nguvu. Nesi Sanga alinikonyeza kunitia moyo. Nikaitikia kwa kichwa.

"Jambo moja," Daktari Mligo akasema. "Wakati fulani huko nyuma jaribio kama hili lilifanyika hapa, isivyo rasmi. Mtoto mmoja mdogo akashuka presha akazimia. Kwa hiyo tumeona watoto wadogo tuwaache kabisa. Tutaanza na wanaokaribia utu uzima. Kuna mwenye maoni?"

Nilikuwa nimeona njia mbili tu kwa siku zote zile: niseme na waondoe, au ninyamaze na wawape. Sikuwahi kufikiri kwamba ukimya wangu ulikuwa umeshafanya kazi yake kabla sijafika. Watoto walikuwa wameshatolewa. Walitolewa kwa kuzimia kwangu, na hakukuwa na mtu wa kueleza kuzimia huko isipokuwa mimi.

"Huyo mtoto ni mimi," nilisema.

Nesi Sanga aliweka kikombe chini. Nikasema yote. Nilianza vibaya, nikarukaruka, nikarudi nyuma kumweleza mmoja wao balbu ya cherehani inavyofungwa. Niliwaambia kuhusu kimkono cha chuma na Ombeni na mistari ya bibi. Walicheka pale kwenye andazi, kisha hawakucheka. Nesi Sanga alikuwa akitikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa nazungusha ile mashine mbele ya macho yake," alisema. "Mbele ya macho yake kabisa."

"Kwa hiyo unashauri nini?" Daktari Mligo aliuliza. "Tuandike maelezo vizuri zaidi?"

"Hapana. Yaani, ndiyo, lakini hapana. Mimi nilielezwa. Mama alielezwa. Nilichokosa ni mtu wa kuniuliza mimi nadhani zile pedeli ni za nini, na kungoja jibu. Msiwatoe wadogo. Waulizeni kwanza, mmoja mmoja, kabla ya kufunga skrubu hata moja. Na asiulizwe mama."

"Watoto hawatuambii sisi," Daktari Mligo alisema. Hakusema kwa kubisha. Alisema kama mtu anayelijua tatizo. "Wakiona koti jeupe wanasema ndiyo kwa kila kitu."

"Basi nitauliza mimi."

Sijui nilitoa wapi hiyo. Mimi ambaye hujirekodi sauti kabla ya kupiga simu ya kazi. Lakini nilikuwa nimeshasimama, na Nesi Sanga alikuwa ameshafungua mlango. "Yupo mmoja ndani sasa hivi," alisema. "Twende kabla hujaanza kufikiri."

Alikuwa binti mdogo, amekaa kitandani amejiinamia juu ya kipande cha muwa alichokatazwa kula, akikinusa tu. Nesi aliniambia anaitwa Faraja, kwao ni Ludewa, na kwa sasa anakaa na shangazi yake hapo mjini. Pedeli mpya zilikuwa kwenye kona, bado zimefungwa nailoni. Nesi Sanga akatuacha.

"Shikamoo," alisema kabla sijaketi.

"Marahaba, Faraja. Mimi naitwa Twilumba. Nilikuwa nalala kile kitanda pale."

Alikitazama kitanda, akanitazama mimi kuanzia viatu hadi nywele. "Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa na mashavu kuliko wewe."

Alijishika shavu. Nilimwacha amalize kunikagua, kisha nikanyoosha kidole konani. "Vile ni vya nini?"

"Vya mazoezi," alijibu haraka, kwa sauti ya darasani.

"Umeambiwa hivyo. Wewe mwenyewe unadhani ni vya nini?"

Alinyamaza. Kila kitu ndani yangu kilitaka kujaza ule ukimya, kumsaidia, kumpa maneno. Nilikaa juu ya mikono yangu.

"Utamwambia mtu?" aliuliza.

"Nitataka daktari ajue. Lakini ukisema hutaki, hatajua."

Alifikiri. Kisha akainama karibu yangu. "Ni mtihani."

"Mtihani wa nini?"

"Wa kujua nani ameshapata nguvu. Ukiweza kuzungusha, unatolewa kwenye mashine, anawekwa mwingine. Wapo wengi nje wanangoja. Nimewaona kwenye benchi." Alikigeuza kile kipande cha muwa mikononi. "Wakinipa mimi, nitasema miguu inauma."

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kwa mtoto atakayepiga kupita kiasi. Kwa kufikiri kwangu kote, usiku na mchana, sikuwahi kumfikiria anayeweza kupiga na akaapa kwamba hawezi, ili asife.

"Si mtihani, Faraja," nilimwambia. "Hakuna anayetolewa. Lakini hukukosea kuwaza hivyo. Unaweza kumwambia daktari kama ulivyoniambia mimi? Nitakaa hapa hapa."

Alitazama mlangoni kwa muda mrefu. "Asiandike kwanza," alisema.

Nikaenda mlangoni nikamwita Daktari Mligo. Nilimwambia aje na kiti, avue koti, na aache kalamu nje. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo sikuongeza neno la kujieleza wala la kuomba radhi. Alivua koti. Akaburuta kiti mpaka kando ya kitanda, akaketi chini kidogo kuliko Faraja, na nikamwomba Faraja aanze.